Lili za bustanini Dar es Salaam: zipi zinakubali joto, na namna ya kuzipanda zisioze

Lile ua kubwa jeupe au la pinki linalouzwa kwa shina, ambalo harufu yake hujaza sebule kwa usiku mmoja, ndilo wengi wanalolitaka bustanini, na ndilo linalowaangusha. Hilo ni liliamu, mmea wa nchi za baridi. Tunguu lake, yaani kile kiazi cha magamba kinachokaa udongoni, linahitaji wiki sita hadi nane za baridi ya nyuzi 2 hadi 5 ndipo likubali kutoa ua. Dar es Salaam, hata usiku wa Julai, joto halishuki sana chini ya nyuzi 18. Ukilipanda Sinza au Tabata, msimu wa kwanza litachanua kwa sababu lilishapigwa baridi kabla ya kuuzwa. Msimu wa pili litatoa majani machache membamba. Wa tatu hulioni.

Kwa hiyo anayetaka lili za kudumu aangalie zile za nchi za joto zinazobeba jina hilo hilo. Zipo nyingi, na baadhi zinaota porini hapa hapa Tanzania. Neno yungiyungi tunalitumia kwa yote, ingawa hasa ni ua la majini. Hapa tunazungumzia zile za nchi kavu.

Chagua kwa kuangalia kiwanja chako

Nyinyoro ni ya kwetu. Inatoa mpira mmoja mwekundu wa vijiua vyembamba, mkubwa kama chungwa na mara nyingine zaidi, mvua zinapoanza, na majani yanakuja pamoja nao au yanafuatia. Inapenda kivuli cha mwembe au upande wa nyumba unaopata jua la asubuhi tu. Ukiiweka juani kutwa, majani yanababuka.

Amarilisi, yenye maua makubwa kama tarumbeta, asili yake ni Amerika ya Kusini. Ndiyo nzuri kuliko zote kwenye chungu na ndiyo yenye matatizo mengi, kwa hiyo tutaisema kwa urefu.

Krinamu ni lile fungu kubwa la majani mapana linalofika kiunoni hadi kifuani, lenye maua meupe ya vidole virefu. Inavumilia jua kali, inavumilia udongo unaotuama maji kwa siku kadhaa, na inaishi miaka mingi bila kuguswa. Kasoro yake ni nafasi: iache sentimita 90 kila upande. Ukiibana na ukuta wa uzio utakuja kuichimba kwa sururu.

Spaida lili ina maua meupe yenye miguu myembamba kama ya buibui. Asili yake ni fukwe za Amerika, ndiyo maana haihofii chumvi. Kama unaishi Kigamboni au Mbezi Beach na unamwagilia maji ya kisima yenye chumvi, anza na hii kabla ya kununua kingine chochote. Ipande kwa umbali wa sentimita 40 hadi 50 na baada ya miaka miwili itakuwa imeziba mstari mzima.

Lili za mvua ni ndogo, majani kama nyasi, maua meupe, ya njano au ya pinki yanayotokea siku chache baada ya mvua kubwa. Zipande tano tano au kumi kumi, kina cha sentimita 3 hadi 5. Hazina zaidi ya hapo.

Unaponunua tunguu, libonyeze. Liwe gumu na zito kwa ukubwa wake, kama kitunguu maji kizuri cha sokoni. Likibonyea sehemu ya chini, kwenye kitako mizizi inapotokea, liache hata kwa nusu bei. Amarilisi ya kuchanua mwaka huo huo iwe na mzunguko wa sentimita 24 au zaidi. Pima kwa uzi halafu uweke uzi kwenye rula. Dogo kuliko hapo si baya, ila litakuweka mwaka mmoja au miwili ukitazama majani.

Udongo, na kwa nini matunguu mengi yanakufa

Lili nyingi zinazokufa mjini hapa haziuawi na kiu. Zinaoza. Tunguu ni ghala la maji na chakula. Linaweza kukaa miezi miwili bila tone likabaki zima, lakini wiki mbili ndani ya tope la masika zinatosha kulimaliza. Kabla ya kufikiria mbolea, pima jinsi kiwanja chako kinavyonywa maji.

Chimba shimo la kina cha sentimita 30 na upana huo huo. Lijaze maji, yaache yaishe, kisha lijaze mara ya pili na uangalie saa. Maji yakiisha ndani ya saa tatu, panda moja kwa moja ardhini. Yakiisha kwa dakika chache, kama ilivyo kwenye mchanga wa pwani, tatizo lako litakuwa kushika rutuba, si kuoza. Yakilala mpaka kesho yake, jambo la kawaida maeneo ya mabondeni na penye udongo mweusi wa mfinyanzi, usipande chini isipokuwa krinamu. Inua tuta la sentimita 25 hadi 30, ulizungushie tofali zilizokaa bila saruji ili maji yatoke pembeni.

Kwa tuta au chungu, changanya debe mbili za udongo wa juu, debe moja ya mchanga wa mto wenye chembe kubwa, na debe moja ya samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri. Mchanga wa baharini usiuguse, hata kama uko umbali wa kutembea. Chumvi yake haiishi kwa kuoshwa mara moja. Samadi iwe imekaa miezi mitatu au zaidi: ukiingiza mkono katikati ya kiroba usisikie joto, na isinuke. Samadi mbichi ya kuku ndiyo hatari zaidi, inaunguza mizizi mipya kabla haijafika popote.

Kwenye mchanga mtupu, ongeza debe moja ya samadi kwa kila mita moja ya mraba, na makumbi ya nazi yaliyochambuliwa. Makumbi hayo yaloweke kwanza kwenye ndoo na kubadilisha maji kila siku, mpaka maji yaache kutoka na rangi ya chai ya rangi. Kwa kawaida ni siku tatu au nne. Makumbi mabichi yana chumvi na utomvu unaodumaza mizizi.

Chungu kiwe na matundu manne au matano ya ukubwa wa kidole gumba. Ndoo ya plastiki iliyotobolewa inafaa kabisa. Plastiki nyeusi juani Februari ni jambo jingine: udongo wa pembeni unapata joto la kuunguza mizizi, na mmea unanyauka mchana hata kama umelowa. Tumbukiza chungu hicho ndani ya kingine kikubwa, au kiweke mahali pasipopigwa na jua la alasiri. Na zile sahani za chini ya vyungu ziondoe. Maji yanayotuama mle yanaozesha kitako cha tunguu, tena ndiyo mazalia ya mbu wa dengi. Mji huu ulishapata mlipuko wa ugonjwa huo mwaka 2014 na tena 2019.

Kupanda

Wakati mzuri ni mwisho wa Agosti hadi Septemba, kabla ya vuli. Mizizi inashika udongo ukiwa bado mkavu kiasi, halafu mvua nyepesi za Oktoba hadi Desemba zinamalizia kazi. Krinamu na spaida zinaweza kupandwa hata Februari. Amarilisi usiipande Machi au Aprili ardhini. Unaiweka kwenye masika haina mizizi ya kunywea.

Kina ndipo watu wanapokosea zaidi, kwa sababu kila moja ina desturi yake.

Amarilisi inakaa nusu nje. Chukua chungu kilichozidi upana wa tunguu kwa sentimita 5 tu, weka udongo, simamisha tunguu juu yake mizizi ikiwa imetandazwa, kisha jaza udongo pembeni hadi theluthi moja au nusu ya tunguu ibaki inaonekana. Shindilia kwa vidole. Mwagilia mara moja, maji yapite hadi chini. Baada ya hapo usimwagilie tena mpaka uone ncha ya kijani ikichomoza, wiki mbili hadi nne. Hapa ndipo mikono inapowawasha watu, wakataka kumwagilia. Tunguu lisilo na mizizi halinywi. Maji unayolimwagia kila asubuhi yanakaa tu pale kitakoni. Ncha butu na nene ni ua, ncha bapa ni jani. Ua linafunguka wiki sita hadi kumi tangu kupanda, na shina lake likiwa na maua manne litaegemea upande mmoja, kwa hiyo lichomekee ufito mapema kabla halijapinda.

Krinamu inataka shimo refu. Mwili wote wa tunguu uingie chini, shingo ibaki usawa wa ardhi au juu yake kidogo. Mizizi yake ni minene kama kalamu. Usiikate ili ienee shimoni, panua shimo. Itakaa miezi kadhaa kama imekasirika kabla ya kuanza kusukuma majani mapya. Ni kawaida.

Nyinyoro: ncha ya shingo iguse uso wa udongo. Ikishakaa isihamishwe, maana ikisumbuliwa mizizi inaweza kuruka msimu mzima bila ua. Weka alama mahali ilipo. Wakati wa kiangazi majani yanapotea kabisa na wengi wameikata kwa jembe wakipalilia.

Spaida inapandwa tunguu likifunikwa sentimita 5 juu.

Maji, mbolea, na kupumzika

Mmea ukiwa na majani, ingiza kidole. Sentimita 3 za juu zikiwa kavu, mwagilia mpaka maji yatoke chini ya chungu, kisha acha. Kwa amarilisi kwenye chungu hiyo ni kama mara mbili kwa wiki Januari, na pengine hakuna kabisa Aprili. Mwagilia pembeni, si juu ya shingo.

Ukiona utando mweupe juu ya udongo na ncha za majani zimeungua kahawia, hiyo ni chumvi ya kisima. Mimina maji safi mara tatu ya ujazo wa chungu, polepole, yapite yote. Mvua kubwa ya kwanza ya vuli ni dawa ya bure: toa vyungu vyote nje vioshwe.

Mbolea ni NPK 17:17:17, kijiko kimoja cha chai kwa mmea, kila baada ya wiki nne hadi sita wakati majani yanakua. Itandaze umbali wa sentimita 10 kutoka shingoni, fukia kidogo, mwagilia. Urea usiipe. Itakupa majani marefu ya kujivunia, maua hakuna, na tunguu laini linalooza kwa urahisi. Jivu la kuni, ngumi moja kwa mmea kwa msimu, linasaidia maua. Lakini kama kiwanja chako kiko juu ya mawe ya matumbawe, kama sehemu za Masaki, acha. Udongo huo tayari una chokaa nyingi na jivu litaongeza tatizo: majani yanakuwa manjano huku mishipa ikibaki kijani.

Maua yakinyauka, kata shina lake sentimita 3 hadi 5 juu ya tunguu, usisubiri vitumba vya mbegu. Majani usiyakate. Hii ndiyo dhambi kubwa ya mafundi bustani wetu, wanaopenda kusafisha kila kitu kwa panga mara ua likiisha. Ua la mwakani linatengenezwa sasa hivi na majani hayo hayo.

Kuanzia Juni, punguza maji kwa amarilisi, na Julai acha kabisa. Kipupwe kinakusaidia kwa sababu mvua ni haba. Hapa pwani majani hayakauki yote kila wakati. Usilazimishe, yanayoanguka yaanguke yenyewe. Sogeza vyungu chini ya baraza visinyeshewe, wiki nane hadi kumi. Mwisho wa Agosti kwangua sentimita 2 za udongo wa juu, weka mchanganyiko mpya wenye samadi, mwagilia mara moja, subiri ncha. Krinamu na spaida hazihitaji mapumziko haya.

Ikigoma kuchanua

Majani mazuri, ua hamna. Kabla ya kununua dawa yoyote, jiulize kwa mpangilio huu. Jua linaupiga mmea kwa muda gani kwa siku? Amarilisi inataka muda wa saa nne hadi sita, spaida na krinamu zaidi. Tunguu limezama? Liliposhindiliwa na mvua, amarilisi huzama bila wewe kujua, fukua shingo. Chungu ni kikubwa mno? Tunguu kwenye ndoo pana hujaza mizizi na kuzaa vichanga badala ya ua. Na je, lilipumzika? Tunguu lililomwagiliwa mwaka mzima bila kukoma huendelea na majani mwaka mzima.

Wadudu na magonjwa

Adui namba moja wa krinamu na amarilisi ni kiwavi mweusi mwenye madoa ya njano mwilini. Nondo mama anataga mayai kwa kundi chini ya jani. Viwavi vikitoka vinaingia katikati ya jani, kati ya ngozi ya juu na ya chini, vinakula nyama yake. Jani linaonekana kama karatasi iliyoshika mafuta: ukiliinua kwenye mwanga unaona vivuli vyao vinatembea. Siku chache baadaye wanateremka shingoni, na hapo utakuta kinyesi cheusi chenye majimaji kati ya majani. Wakifika ndani ya tunguu umechelewa.

Kagua jioni kwa tochi ya simu, mara mbili kwa wiki msimu wa mvua. Jani lenye dirisha hilo linalopitisha mwanga likate lote, litumbukize kwenye ndoo ya maji ya sabuni. Kwa viwavi wadogo, mwarobaini unafanya kazi: twanga nusu kilo ya majani, loweka lita 5 za maji usiku mzima, chuja, tia kijiko cha chai cha sabuni ya maji, nyunyiza jua likishazama. Rudia baada ya siku tano. Viwavi wakubwa hawajali mwarobaini. Watoe kwa mkono, ukiwa umevaa glavu.

Vidung'ata, wale weupe kama pamba, hujificha kati ya magamba ya shingo. Futa kwa pamba yenye spiriti. Konokono wanakula maua usiku. Waokote asubuhi na mapema chini ya matofali na vyungu.

Michirizi myekundu kama kutu kwenye majani na tunguu la amarilisi ni ukungu. Kata majani yaliyoshikwa, acha kulowesha majani, piga dawa ya ukungu yenye shaba kwa kipimo cha kwenye pakiti. Mabaka ya manjano marefu yasiyopona kila jani jipya linapotoka ni virusi. Hayana dawa. Ng'oa, choma, na kisu ulichotumia kifute kwa spiriti kabla ya kugusa mmea mwingine.

Tunguu likioza kidogo linaweza kuokolewa. Ling'oe, lioshe, menya magamba laini mpaka ukutane na nyeupe ngumu. Kama kitakoni kuna kahawia, chonga kidogo kidogo mpaka rangi iishe. Pakaza jivu lililochekechwa, lianike kivulini penye upepo siku tatu hadi nne hadi kidonda kikauke, kisha lipande kwenye mchanga mwingi zaidi. Likinuka kama kitunguu kilichooza gunia zima na kitako kinaachia vidoleni, lifukie mbali na bustani.

Kwa asiyekubali kuiacha liliamu

Inawezekana, kwa gharama ya nafasi kwenye friji. Katikati ya Aprili, weka matunguu kwenye mfuko wenye matundu pamoja na makumbi yenye unyevu mdogo, yakiminywa yasitoe maji. Droo ya chini, wiki nane. Yasikae pamoja na ndizi, maembe au matunda mengine yanayoiva. Hewa inayotoka kwenye matunda hayo inaua kichipukizi cha ua ndani ya tunguu. Umeme ukikatika kwa saa kadhaa si neno, usifungue mlango tu.

Panda katikati ya Juni, wakati mzuri kuliko wote mjini hapa. Tofauti na amarilisi, hii inazama: udongo wa sentimita 10 hadi 15 juu ya tunguu, kwa sababu inatoa mizizi hata kwenye shina. Jua la asubuhi pekee, udongo ufunikwe na majani makavu ubaki wa baridi. Ile nyeupe ya tarumbeta ndefu inavumilia joto kuliko zile za pinki zenye madoadoa. Tegemea maua Septemba. Baada ya hapo lihesabu kama ua la msimu mmoja.

Nyumba yenye watoto au paka

Matunguu ya amarilisi, krinamu, spaida na nyinyoro yana sumu inayotapisha na kuharisha, na utomvu wake unawasha ngozi. Liliamu ni mbaya zaidi kwa paka: hata chavua akiilamba kwenye manyoya inaweza kuua figo zake, kwa hiyo mwenye paka asiipande kabisa. Mwenye mbuzi afunge uzio.

Hatari ya kweli lakini iko jikoni. Tunguu la amarilisi lililomenywa ganda la nje linafanana mno na kitunguu maji. Yanayosubiri kupandwa yafunge kwenye gazeti, andika juu kwa kalamu ya wino mzito, na uyatundike stoo mbali na kapu la vitunguu, usimwachie msaidizi mpya wa nyumbani ayabahatishe.